Jumapili ya Pasaka, Saa Moja Jioni

Mwezi Aprili mwaka 2012 nilikuwa nimetimiza miezi saba katika kazi ya kumhudumia mzee mmoja nyumbani kwake, katika mtaa tulivu wa kaskazini mwa jiji la Columbus, jimbo la Ohio. Ndugu zangu wa Kigoma waliamini kwamba nafanya kazi hospitalini, nami sikujihangaisha kuwasahihisha. Watanzania wenzangu wa hapo Columbus walijua kwamba nabeba boksi kama wao, ila boksi langu lilikuwa na umri wa miaka 83, nyonga iliyovunjika na ulimi mkali.

Pasaka ya mwaka huo iliangukia tarehe 8 Aprili. Wahudumu wenzangu wawili tuliokuwa tukipokezana zamu ni Wakristo, wakaomba ruhusa, nami mtoto wa Kiislamu wa Ujiji nikachukua zamu zote tangu asubuhi mpaka saa nne usiku. Watoto wa mzee walikuja mchana, wakala naye, wakaondoka kabla ya saa kumi. Walimwachia nyama ya nguruwe iliyofungwa katika karatasi ya alumini, ambayo niliihamishia rafu ya chini ya jokofu kwa ncha za vidole. Binti yake mkubwa aliacha pia makopo manne ya mapichi, kama alivyofanya kila alipokuja, nikayapanga kabatini juu ya mengine yaliyokuwamo. Sikuwahi kumwona mzee akiyala. Kila nilipomwekea katika bakuli, nililikuta bakuli limejaa vilevile nilivyoliacha, na nilikuwa nimeshajiambia kwamba huo ni ubishi wa uzee tu.

Siku ya kwanza alitaka nimwite kwa jina lake la kwanza, kama wafanyavyo watu wa huko hata kwa babu zao, lakini ulimi ulikataa. Jina la ukoo nalo lilisikika kama la ofisini. Nikaishia kumwita Mzee, nikamweleza kwamba kwetu neno hilo si tusi bali ni cheo. Alilipenda mno, akawa hata anamkaripia daktari wake asiyelitumia.

Katika nyumba ile kila jambo liliweza kujadiliwa, kuanzia chumvi kwenye supu hadi saa ya kuoga, isipokuwa jambo moja. Jumapili, saa moja jioni, stesheni ya CBS, kipindi cha 60 Minutes. Chakula kilikuwa kimeshaondolewa mezani, vifaa vya kusikia vimeshatiwa betri mpya, na simu imeshawekwa chumba kingine. Kisha ile saa ya kupimia muda, kama aishikayo mwamuzi wa mbio, ilitokea kwenye kioo, mshale wake ukitembea na mlio wake ukigonga, naye aligonga mkono wa kiti kwa ukucha wa kidole cha shahada, pigo kwa pigo, bila kukosea. Kipindi hicho hakina wimbo wa kufungulia. Kina mlio ule tu. Nilipouzoea niliona kwamba ndiyo paukwa yao, na wasikilizaji wanaitikia pakawa kwa kunyamaza.

Ruhusa ya kuzungumza ilikuwapo wakati wa matangazo ya biashara peke yake, na kwa kuwa matangazo yenyewe yalikuwa mengi ya dawa za moyo na za viungo, hakuna aliyejali kuyasikiliza. Hapo ndipo alipokuwa akinifundisha. Kwa maneno yake, alikiona kipindi tangu usiku wake wa kwanza, Jumanne ya tarehe 24 Septemba 1968, saa nne usiku, wakati yeye akiwa fundi wa mashine katika kiwanda cha vipuri vya magari na mkewe akiwa bado hai. Wasimuliaji walikuwa wawili tu, Harry Reasoner na Mike Wallace, na alikumbuka jinsi walivyoonyesha Nixon na Humphrey katika vyumba vyao vya hoteli wakati vyama vyao vikiwateua kugombea urais. Aliyekibuni alikuwa Don Hewitt, mtu yule yule aliyeongoza kamera katika mdahalo wa kwanza wa televisheni kati ya Kennedy na Nixon mwaka 1960. Hewitt aliona kwamba televisheni inaweza kutengenezwa kama jarida, yaani habari tatu au nne zisizohusiana, kila moja ikisimuliwa na mtu wake, mbele ya ukurasa uliochorwa kwenye ukuta mweusi. Kanuni yake ya kazi ilikuwa na maneno manne ya Kiingereza ambayo kwa Kiswahili yanatosha kuwa mawili: nisimulie hadithi.

Mzee alipenda kunikumbusha kwamba mwanzoni kipindi hakikuwa na watazamaji wengi. Kilipata nafasi yake mwaka 1975, kilipohamishiwa Jumapili saa moja jioni, kwa sababu kanuni za serikali ya Marekani kuhusu utangazaji zilitaka saa ile ijazwe na vipindi vya watoto au vya masuala ya umma. Katika msimu wa 1979 na 1980 kipindi cha habari, kisicho na muziki wala mcheshi, kikawa cha kwanza kwa watazamaji nchini kote, mbele ya tamthilia na vichekesho vyote. "Serikali ilinipa vitu viwili," alikuwa akisema, "bima ya uzeeni na Jumapili."

Mimi, kusema kweli, mwanzoni nilikiona kipindi hicho ni cha wazee. Wasimuliaji wenyewe walikuwa wazee, tena wengine wakubwa kuliko baba yangu, na walivaa suti kama waendao mazikoni. Kilichonivuta polepole ni kwamba nilikuwa nimeshakijua kabla sijakiona. Nilipokuwa mtoto Ujiji hatukuwa na televisheni. Stesheni za Tanzania Bara zilianza mwaka 1994, na sisi tulichelewa hata baada ya hapo. Tulikuwa na redio ya betri nne, iliyokaa juu ya kabati la vyombo ambako mikono ya watoto haikufika. Saa mbili usiku Redio Tanzania Dar es Salaam ilipiga zile ngoma za taarifa ya habari, na mtoto aliyebanwa na kikohozi alitoka nje kukoholea huko. Habari zikiisha, baba aliinua kidole kutukataza tusisogee, kwa sababu yalikuwa yanakuja Mazungumzo Baada ya Habari, dakika chache za mtu mmoja kusema kwa ukali au kwa kejeli kuhusu jambo moja, na baba alitikisa kichwa kila penye hoja kana kwamba msemaji angemwona. Mambo mengi aliyoyatikisia kichwa sikuyaelewa. Nilichoelewa ni kwamba siku ina saa moja isiyoguswa, na kwamba sauti ile ile inarudi kesho mahali pale pale.

Kwa hiyo Jumapili ya tarehe 2 Oktoba 2011, nikiwa bado mgeni wa nyumba ile, nilipomwona Andy Rooney akiaga, sikuhitaji kuelezwa alikuwa nani. Alikuwa na miaka 92, nyusi zake zimesimama kama manyoya ya paka aliyetishwa, ameketi nyuma ya meza aliyoiunda mwenyewe kwa mikono yake. Tangu mwaka 1978 alikuwa akimalizia kipindi kwa dakika zake chache za kunung'unika kuhusu mambo madogo ambayo kila mtu ameyaona lakini hakuna aliyeona haja ya kuyasema. Hayo ya usiku ule yalikuwa mazungumzo yake ya 1,097. Aliomba kwamba mtu akimkuta mgahawani amwache amalize chakula chake. Mzee alicheka mpaka nikamshika bega asidondoke, kisha akanyamaza ghafla, akasema kwamba mtu huyo hatamaliza mwaka. Rooney alifariki tarehe 4 Novemba, mwezi mmoja na siku mbili baadaye.

Nasimulia hayo ili ieleweke jinsi asubuhi ya Pasaka ilivyokuwa. Stesheni ile ile ilitangaza kwamba Mike Wallace alikuwa amefariki usiku wa kuamkia siku hiyo, akiwa na umri wa miaka 93. Mzee hakugusa mayai yake. Watoto walipokuja mchana hawakujua kilichotokea, au walijua bila kudhani kwamba kinamhusu, na nilimwona akiwaacha wazungumze habari za bei ya petroli, kisha akawaaga kwa adabu kubwa kuliko kawaida yake.

Mchana kutwa CBS ilionyesha gofu kutoka Augusta, Georgia. Sijui mchezo wa gofu, na Mzee aliuchukia kwa sababu unakula muda wa kipindi chake, kama ule mpira wao wa miguu uchezwao kwa mikono unavyoukula majira ya vuli. Siku hiyo mashindano yalikataa kwisha, wawili wakafungana, wakapelekwa mashimo ya ziada, mpaka Bubba Watson akaingia katikati ya misonobari na kuukunja mpira kwa mkono wa kushoto, ukatua karibu na shimo kana kwamba umevutwa kwa kamba. Watu wakashangilia. Mzee akasema, "Amemaliza?"

Tulipokuwa tukisubiri, alinisimulia tena ile habari aliyoipenda kupita zote. Novemba 1979, wakati Wamarekani wakishikiliwa mateka mjini Tehran, Wallace alikaa sakafuni Qom mbele ya Ayatollah Khomeini, akamwambia kwamba Rais Sadat wa Misri, naye Mwislamu, amemwita mwendawazimu. Alitanguliza kuomba radhi, akasema maneno hayo si yake ni ya Sadat, lakini aliyasema, na mkalimani alibabaika kuyatafsiri. Kila aliponisimulia hayo mwili wangu ulisisimka, si kwa siasa, bali kwa sababu nilimwona mtu mzima, mwanachuoni mwenye kilemba, akiulizwa jambo ambalo kwetu hata jirani yake asingemuuliza akiwa peke yake gizani.

"Kwetu mtu huyo angepigwa," nilimwambia.

"Kwetu alilipwa," alijibu.

Asidhani mtu kwamba alikuwa mshabiki kipofu. Mwaka 1995 kipindi kilirekodi mahojiano na Jeffrey Wigand, aliyekuwa mtafiti wa kampuni ya tumbaku, kuhusu yale ambayo kampuni ilijua juu ya sigara zake. Wanasheria wa CBS wakaogopa kushtakiwa, mahojiano yakazuiwa, yakaja kuonyeshwa Februari 1996 baada ya gazeti kuwatangulia. Mzee alivuta sigara kwa miaka 30. Alizungumzia kuchelewa kule kama mtu anayezungumzia deni la ndugu yake, deni ambalo hatalidai mahakamani na hatalisamehe. Na bado, kila Jumapili, ukucha uligonga mkono wa kiti.

Alikuwa ameng'amua jambo moja kuhusu Wallace, akalirudia tena jioni ile: kwamba watu humsifu kwa maswali, lakini ufundi wake ulikuwa katika kunyamaza baada ya jibu. Anayejibiwa hutosheka, hutafuta swali lingine. Wallace alikaa, akatazama, na kamera ikasogea mpaka jasho la juu ya mdomo likaonekana, na mtu aliyeulizwa, kwa kuuogopa ule ukimya, akaanza kusema la pili, ambalo ndilo la kweli. Tangu aliponionyesha hilo nililiona kwa wengine pia, kwa Steve Kroft na kwa Lesley Stahl, na nadhani ndilo linalomrudisha mtazamaji mwaka baada ya mwaka hata wasimuliaji wakibadilika na kufa. Televisheni imejaa watu wanaosema. Kumwona mtu anayesubiri ni adimu.

Mimi sikulelewa hivyo. Kwetu mkubwa haulizwi. Mkubwa husema akipenda, na asiposema ujue kuna sababu. Katika miezi saba maswali yote niliyomuuliza Mzee yalitoka kwenye karatasi ya wakala aliyeniajiri: unaumwa wapi, umekunywa maji, umepata choo. Na yeye hakuwa ameniuliza kitu. Siku ya kwanza nilipotaja Tanzania alisema "safari", akatosheka. Kuhusu jirani zetu alijiona anajua vya kutosha, maana kipindi kilikuwa kimemwonyesha wanawake wa mashariki ya Congo waliobakwa vitani, mwaka 2008, na dhahabu ya Congo inayolisha vita hivyo, mwaka 2009, na katika mwaka huo huo nyumbu wa Mto Mara. Havikuwa uongo. Lakini nilikuwa nimeshachoka kufuta vumbi kwenye kiti cha mtu ambaye, akinitazama, anaona nyuma yangu ama bunduki ama nyumbu.

Ndiyo sababu saa ilipoanza kugonga, na kati ya mapigo yake wakaonyesha vipande vya habari za usiku ule, nikalisikia neno Congo, tumbo lilinikaza. Zamu ya habari hiyo ilipofika niliinuka kwenda jikoni kuosha kikombe ambacho kilikuwa safi. Nilifungua bomba. Kupitia maji yale nikasikia fidla.

Nilifunga bomba nikarudi, nikasimama mlangoni na kikombe mkononi kinadondosha maji kwenye zulia. Msimuliaji alikuwa Bob Simon, na alikuwa Kinshasa. Alikuwa amekuta huko okestra nzima, watu wapatao 200 pamoja na kwaya yao, wanaopiga na kuimba muziki wa Ulaya wa karne zilizopita, Carl Orff na Beethoven, katikati ya jiji ambalo halikuwahi kuwa na okestra ya namna hiyo. Aliyeianzisha ni Armand Diangienda, rubani aliyepoteza kazi, ambaye mwaka 1994 aliwakusanya waumini wa kanisa la babu yake, wengi wao hawajui kusoma noti hata moja. Ala zilikuwa chache kuliko watu, wakawa wanapokezana fidla kama sisi tulivyopokezana kitabu kimoja cha hesabu darasani. Uzi wa fidla ukikatika, walifunga waya wa breki ya baiskeli. Nilicheka kwa sauti, maana kwetu Ujiji hakuna kitu kisichotengenezeka kwa waya wa breki ya baiskeli. Baadaye wakaonyesha waimbaji wakitembea kwa miguu kwenda mazoezini, wakipita kwenye barabara za vumbi, na mwishoni wote wakaimba ule utenzi wa furaha wa simfoni ya tisa ya Beethoven, midomo imefunguka, shingo zimekaza.

Sikumtazama Mzee mpaka nilipogundua kwamba ukucha wake umetulia. Alikuwa ameinama mbele, viwiko juu ya magoti, jambo ambalo daktari wa nyonga alikuwa amemkataza.

Matangazo yalipoingia aligeuka. "Unamjua mtu huyo?"

Lilikuwa swali lake la kwanza kwangu. Nilimwambia kwamba kutoka Ujiji mpaka Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,500, kama mtu atoke hapa Columbus aende Miami, na katikati kuna ziwa na msitu. Lakini babu yake, nikasema, namjua.

Alingoja. Hakusema "nani huyo" wala "endelea". Aliningoja tu, kama Wallace, na mimi nikaanza kusema la pili.

Nilimwambia kwamba mwaka 1996 na 1997, vita vilipowavusha watu Ziwa Tanganyika kwa mitumbwi, baba alimpangisha mama mmoja wa Kikongo chumba cha uani. Alikuwa Mkimbangu, akivaa kijani na nyeupe siku ya ibada, na hakusali na viatu miguuni, jambo lililomfurahisha baba yangu kupita kiasi, akawa anasema huyu yuko njiani kuwa Mwislamu. Mama huyo, akichambua mchicha, ndiye aliyetusimulia habari za Simon Kimbangu: jinsi alivyoanza kuhubiri na kuponya wagonjwa mwaka 1921, jinsi Wabelgiji walivyoogopa umati wake wakamhukumu kifo katika mwaka huo huo, wakaibadilisha hukumu kuwa kifungo cha maisha, wakampeleka upande wa pili wa nchi, Elisabethville, ambayo sasa ni Lubumbashi, akafia gerezani mwaka 1951 baada ya miaka 30.

"Mwaka 1951," Mzee alisema, "mimi nilikuwa Korea."

Kisha akanyamaza. Nilijua kwamba aliwahi kuwa askari kwa sababu ya picha moja kwenye ngazi, ambayo kila wiki niliipangusa kioo bila kuuliza. Matangazo yaliisha, saa ikarudi kwenye kioo, na ndipo akafanya jambo ambalo katika miezi saba sikuwahi kuliona. Alichukua rimoti akanyamazisha kipindi. Mshale uliendelea kutembea bila mlio.

"Basi?" aliniambia. "Mike angeuliza."

Nilikuwa na maswali. Nilikuwa na swali la kama aliua, na swali la kama aliogopa, na hayo ndiyo ambayo Wallace angeyauliza, pengine kwa kutanguliza radhi. Mdomo wangu haukuyakubali. Nikauliza lile ambalo mtoto wa kike wa Ujiji anaweza kumuuliza mtu wa umri wa babu yake.

"Mlikuwa mnakula nini?"

Alitazama mikono yake. Alisema kwamba chakula kilikuwa cha makopo, na kwamba majira ya baridi makopo yaliganda yakawa kama mawe, hata bayoneti haikuingia. Mtu alilitia kopo kwapani, ndani ya koti, akatembea nalo au akalala nalo mpaka liyeyuke. Alinyamaza. Nami nikanyamaza, nikakishika kile kikombe changu kitupu, nikahesabu mapigo ya mshale usio na sauti, na ulikuwa ukimya mrefu kuliko wote niliowahi kuuvumilia mbele ya mtu mzima.

Alisema kwamba alikuwa na mwenzake, kijana wa Kentucky, na kwamba walikula pamoja kutoka kopo moja, kijiko chako kijiko changu, kwa sababu makopo mawili yasingeyeyuka kwa wakati mmoja. Matunda yalikuwa tunu, hayakupatikana kila siku. Asubuhi moja walikuwa na kopo la mapichi, zamu ya kulipasha ilikuwa yake, na alilala nalo usiku kucha. Kulipokucha yule wa Kentucky alikuwa amekufa, hatua mbili tu kutoka alipokuwa amelala yeye, na hakusikia hata risasi.

"Nililila lote," alisema. "Lilikuwa limeshayeyuka."

Sikusema kitu. Hakuwa amemaliza, alikuwa ameanza. Alisimulia mpaka mwanga wa dirishani ukawa wa kijivu na kisha ukaisha, na hakuna kati yetu aliyewasha taa, kwa hiyo tulionana kwa mwanga wa televisheni ambayo kipindi chake kilikuwa kimeshakwisha na vingine viwili vimeshapita bila kutazamwa. Alisimulia habari za meli iliyowarudisha, za mkewe ambaye hakumwambia, za binti yake mkubwa anayemletea kitu anachodhani baba anakipenda, kwa kuwa akiwa mdogo alimwona siku moja amesimama muda mrefu dukani mbele ya rafu ile. Alisimulia vizuri. Miaka 44 ya kusikiliza watu wanaojua kusimulia haikupotea bure; alijua pa kuanzia, alijua pa kukatiza, na alipofika kwenye majina alinipa jina moja moja, taratibu, kama wanavyofanya wao wanapojitambulisha mwanzoni mwa kipindi.

Dawa za saa tatu nilimpa saa nne kasoro dakika kumi. Alipolala nilifungua kabati nikayatoa makopo yote ya mapichi, yalikuwa 15, nikayatia katika mifuko miwili ya dukani nikayapeleka kwenye gari langu. Kisha nikakaa mezani kujaza daftari la zamu, ambalo lina safu ya saa, safu ya dawa, na safu ya kueleza sababu endapo dawa imechelewa kwa zaidi ya nusu saa. Nilikuwa nimeamka tangu alfajiri. Niliandika sababu kwa neno moja, nikatia sahihi, nikaenda zangu.

Asubuhi msimamizi wangu alinipigia simu kabla sijaamka vizuri. Alikuwa ameshalisoma daftari, na alitaka kujua hiyo mazungumzo ni dalili ya ugonjwa gani, imeanza lini, na kama daktari ameshaarifiwa. Nilimwambia kwamba si ugonjwa, ni kipindi cha redio.